Nyasi Juu ya Nyumba Yetu

Kitengela,
7 Septemba 1997

Mpenzi wangu Koinet,

Leo ni wiki ya tano tangu tufunge ndoa na siku ya sita tangu uondoke. Natumaini ulifika Bisil salama na kwamba ng'ombe wanapanga foleni vizuri kuchanjwa. Ukiwadunga, wadunge kwa upole. Mimi ni mzima, ila kitanda kimekuwa kikubwa.

Nyumba yetu ina ubaridi wa kupendeza. Jana saa nane mchana, mabati ya Mama Gakuru hapo jirani yakiwa yanalia kwa joto, alikuja kwangu kuomba chumvi akakaa saa nzima. Akaangalia juu akaniuliza, "Hiyo shamba iko juu ya kichwa yako, haitakuangukia siku moja?" Nikamwambia mume wangu alipima zege kabla ya kupanda nyasi. Nikamwambia mume wangu aliona jambo hilo kwenye hoteli ya watalii alikofanya kazi kabla ya chuo. Nikamwambia siku moja mume wangu ataongeza ghorofa ya watoto, ndiyo maana paa ni bapa. Nilisema "mume wangu" mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Alitabasamu akaondoka bila chumvi.

Nyasi zinaendelea vizuri, ni kijani kabisa. Namwagilia asubuhi na jioni kama ulivyosema.

Desemba iko mbali sana. Nikitoka kushona sare za shule, nakunja kitambaa kilichobaki na kujiambia kwamba siku nyingine imekunjwa.

Mkeo (bado naona raha kuliandika neno hilo),
Nzilani


Bisil,
15 Septemba 1997

Mke wangu Nzilani,

Sopa, salamu ya kwetu. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi la Namanga. Nimefurahi sana kusikia habari za nyasi.

Niambie, upande wa magharibi unaendeleaje? Huko jua linapiga zaidi. Usiseme tu ni kijani, niambie ni kijani cha namna gani. Ukiingiza kidole kwenye udongo, unakuta unyevu ukifika wapi? Kumbuka udongo wetu ni shibiri moja tu. Chini yake kuna magunia, chini ya magunia kokoto, chini ya kokoto ile karatasi nzito ya nailoni, halafu lami, halafu zege. Usitumie jembe kamwe. Jembe likitoboa nailoni, tumekwisha.

Jambo kubwa kuliko yote ni mdomo wa bomba, kona ya nyuma, juu ya chumba chetu. Maji yote ya paa hutokea hapo tu. Kila Jumamosi panda uondoe majani na udongo. Pakiziba na mvua ije, maji yatakaa juu. Udongo uliolowa ni mzito, Nzilani. Itakuwa kama tumefuga ng'ombe thelathini huko juu, na zege lile si la kubeba ng'ombe.

Kazi ni nyingi. Tumechanja mia nne wiki hii. Nakupenda. Usisahau upande wa magharibi.

Mumeo,
Koinet


Kitengela,
24 Septemba 1997

Mpenzi wangu,

Barua yako niliiweka chini ya mto kabla ya kuifungua, ili niifungue jioni kama zawadi. Nimeisoma mara tano. Umetaja paa, nyasi na udongo mara sita. Mimi umenipenda mara moja, mwishoni, katikati ya ng'ombe mia nne na upande wa magharibi.

Sikujua mtu anaweza kuonea nyasi wivu. Sasa najua. Nimelala chini yake nikifikiri: huyu hapa juu anaulizwa ana unyevu mpaka wapi, na mimi sijaulizwa hata kama nimekula.

Nimekula. Asante.

Joram, yule fundi aliyejenga choo cha Mama Gakuru, hupita hapa akienda kazini. Jana alisimama akasema, "Shemeji, nikupandie huko juu nikuangalilie hiyo bomba? Mwanamke mzuri hivi kupanda ngazi si vizuri." Nikamwambia nitafikiria. Ana sauti nzuri. Huimba kwaya.

Niambie habari zako, si za nyasi. Unalala wapi? Nani anakupikia? Ukiamka unafikiria nini kwanza?

Wako anayekuja wa pili,
Nzilani


Bisil,
2 Oktoba 1997

Nzilani,

Nalala nyuma ya duka, kwenye chumba cha kuwekea magunia. Najipikia. Nikiamka nafikiria Joram.

Asiguse ngazi. Ichukue uiingize ndani, uifungie jikoni. Mwambie mume wako ana mkuki, hata kama ni ule wa ukutani wa mapambo. Kwaya gani hiyo inayofanya mazoezi mlangoni kwa watu? Na kwa nini alijua juu kuna bomba?

Paa lile nililipanda kwa mikono yangu ili wewe usiungue na jua. Nikiuliza habari za nyasi nauliza habari zako. Sijui kuandika barua kama wewe. Chuoni tulifundishwa kuandika ripoti.

Umekula nini?

Koinet


Kitengela,
10 Oktoba 1997

Mpenzi wangu Koinet,

Nilikula githeri. Ngazi niliifungia jikoni siku ileile, na Joram nimemwambia habari za mkuki. Alicheka sana, lakini sasa anapitia njia ya juu. Nakiri nilifurahi ulivyokasirika. Nilitembea na barua hiyo mfukoni siku mbili.

Lakini leo nina jambo zito. Jumatatu Mama Gakuru aliniita kwenye ua wake. "Mama," akasema, "mimi si mtu wa maneno. Lakini kuna mwanamke hupanda juu ya nyumba yako kila Alhamisi ukiwa kazini. Mrefu, ana shanga. Hupandia kwenye mawe ya tangi, kama mbuzi. Nilifikiri ni wenu."

Jana ilikuwa Alhamisi. Niliomba ruhusa mchana, nikakaa dukani ng'ambo ya barabara. Akaja, Koinet. Aliweka mitungi yake ya maziwa chini, akapanda, akakaa huko juu karibu nusu saa. Alikuwa anainama na kuinuka kama mtu aliye shambani kwake. Kisha akashuka, akapangusa mikono kwenye ukuta wangu, akaenda.

Sasa nitakuambia ukweli, na usinicheke. Mimi naogopa ngazi. Tangu uondoke sikuwa nimepanda hata mara moja. Nilikuwa narusha maji kwa sufuria nikiwa nimesimama kwenye kipago cha tatu, nikifumba macho. Kijani nilichokuandikia nilikitoa kichwani. Leo nimepanda, kwa hasira, na hasira ni ngazi nzuri sana.

Nyasi ni kijani kweli. Kijani kuliko nilivyokudanganya. Na kuzunguka mdomo wa bomba, juu ya kitanda chetu hasa, mtu amepanda mimea kumi na moja ya mkonge pori, ile mnayoiita oldupai, kwa mstari wa duara kama shanga shingoni. Kati ya mimea ameweka mawe madogo, yamechaguliwa yakalingana.

Hiyo si kazi ya mpita njia. Nani huyo?

Nzilani


Bisil,
18 Oktoba 1997

Nzilani mpenzi,

Huenda ni mtu wa nyumbani. Wanawake wa kwetu wanajua mambo ya paa. Usimsumbue. Na tafadhali usiiguse ile mimea, imepandwa mahali panapofaa.

Tuko karibu kumaliza upande wa Mailua. Mawingu yamejaa sana huku. Wazee wanasema hawajaona mawingu ya namna hii. Hakikisha bomba liko wazi.

Nakupenda. Nimeandika hapo juu pia, kwenye salamu, ili yawe mara mbili.

Koinet


Kitengela,
25 Oktoba 1997

Koinet,

Mimea umeitetea, mimi umeniambia nisisumbue. Basi nimeing'oa. Yote kumi na moja, na mawe nimeyatupa barabarani.

Alhamisi nilimngoja langoni. Alipoona nimesimama hakushtuka. Nilimuuliza anauza maziwa au anauza nini. Akasema, "Maziwa. Yako mazuri. Unataka nusu?" Nikamuuliza jina. Akasema Naipanoi. Nikamuuliza, "Naipanoi, ulikuwa unatafuta nini juu ya nyumba yangu?" Aliangalia paa, kisha akasema, "Muulize Koinet anijuaje. Hilo lingine nitakujibu nikilijua mwenyewe." Akainua mitungi akaenda. Ni mzuri. Ningependa kukuandikia kwamba si mzuri.

Siku ile tulipokaa kwenye mawe ya kujengea, nyumba ikiwa bado kuta tupu, nilikuuliza kama kuna yeyote kabla yangu. Ulisema, "Hakuna, Nzilani, wewe ndiwe wa kwanza na wa mwisho." Nililiamini neno hilo na kulala nalo. Sasa nalala chini ya bustani ya mwanamke mwingine. Nikiangalia juu najua kilicho upande wa pili wa zege, na nyumba nzima imekuwa kama nguo niliyoazimwa.

Mkoba wangu nimeufunga. Uko nyuma ya mlango. Usiponipa jibu la kweli narudi kwa mama Machakos, na hii nyumba umpe aliyeipanda.

Nzilani


Bisil,
3 Novemba 1997

Mke wangu Nzilani,

Mvua imekata barabara. Basi halipiti tangu Ijumaa, na barua hii sijui itakufikia lini. Ningekuwa na mabawa ningekuja mwenyewe.

Nilikudanganya. Naipanoi aliahidiwa kwangu tukiwa watoto. Baba yangu na baba yake walikuwa rika moja, wakakubaliana. Hatukuulizwa. Nilipomaliza shule nikamwambia baba sitaki. Mifugo ya mahari ikarudishwa na yeye akaolewa Isinya. Sikuwahi kukaa naye, sikuwahi kumwambia neno ambalo nimekuambia wewe. Lakini uliponiuliza kama kuna yeyote niliona uso wako ulivyokuwa na furaha, nikachagua neno fupi.

Uliponiandikia habari za mwanamke mrefu na oldupai nilijua mara moja ni yeye. Sikumtuma. Naapa kwa mama yangu. Niliogopa kuandika jina lake.

Nzilani, ile mimea ilikuwa inazuia udongo usiingie kwenye bomba. Sasa haipo. Najua si wakati wa kuzungumzia bomba. Lakini huku mvua hainyeshi tena, inamwagwa, na wewe uko chini ya paa lile. Kama hutaki kunisamehe usinisamehe, lakini usilale kwenye chumba kile mpaka mtu afungue bomba. Hata Joram. Mwite Joram.

Koinet


Isinya,
15 Novemba 1997

Kwa bibi ya Koinet,

Sopa. Mimi sijaandika barua tangu nitoke shule darasa la saba, kwa hivyo usiangalie mwandiko. Maji yamekata njia na maziwa yetu tunakunywa wenyewe mpaka watoto wamechoka. Hii nampa mtu wa lori.

Ulinipa chai siku ile ya mvua lakini hatukuongea. Wewe ulikuwa unatetemeka na mimi nilikuwa naangalia kitanda chako kilivyolowa. Uliniuliza swali langoni na nilisema nitajibu nikijua. Sasa najua.

Kwetu mwanamke hujenga nyumba yake. Anakata fito, anapaka mavi ya ng'ombe, na mvua ikipenya ni yeye hupanda juu kuziba, si mwanaume. Mwanaume anaingia tu. Kwa hivyo tangu niko mdogo nilijua nyumba ya Koinet ni mimi nitaijenga. Nilikuwa nimechagua mpaka upande wa mlango. Halafu nikasikia ameoa msichana wa Machakos, na nyumba amejenga yeye mwenyewe kwa mawe, na juu ameweka malisho. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilisema lazima nione.

Mara ya kwanza nilipanda nikakuta nyasi zimekauka kama ndevu za mbuzi mzee. Hapo nilicheka. Nilisema, vizuri. Halafu nikaangalia udongo. Kulikuwa na alama za buti za Koinet za zamani na hakuna mguu mwingine hata mmoja. Nikajua mwenye nyumba hajapanda. Nikashuka nikachota maji kwa tangi yako nikamwagilia. Nyasi haikuwa imenikosea.

Kila Alhamisi nilisema leo ni mwisho. Ilikuwa tamu kufanya kazi huko juu. Niko na mume mzuri, niko na watoto wawili na ng'ombe saba. Koinet simtaki, hata zizi hawezi kujenga likasimama. Nilitaka ile nyumba tu. Hilo ndilo jibu.

Siku ile nilikuja kwa sababu niliona mawe yangu barabarani wiki mbili kabla na nikajua umeng'oa. Mvua ilipozidi sikuweza kukaa. Nilifikiri nitakuta umekimbia. Nikakuta uko juu umepiga magoti ndani ya maji, unalia na kuchimba bomba kwa mikono, na ngazi yako imeanguka chini. Sikukuona ukiogopa. Ulisema tu, "Shika huko," na mimi nikashika.

Nilikuonea wivu mwanzo kwa sababu ya nyumba ambayo hukuijenga. Siku ile nilikuonea wivu zaidi, kwa sababu maji yalipotoka na sauti yake ulicheka, na nilijua sasa ni yako. Mimi sitapanda tena usiponiita.

Naipanoi


Kitengela,
19 Novemba 1997

Kwa Naipanoi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya paa. Nilipanda na ngazi, macho wazi.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia. Nikifikiri ulivyokuwa ukijua kijani cha nyumba yangu kabla yangu, kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini ulisema ukweli katika barua moja, na mwingine ilimchukua barua nne.

Mkoba wangu niliufungua siku ile kwa sababu nilihitaji nguo kavu. Sijaufunga tena.

Njia ikifunguka njoo Alhamisi, nitaomba ruhusa mapema. Leta oldupai. Utanionyesha lakini utaacha nipande mimi.

Nzilani


Bisil,
30 Novemba 1997

Mke wangu mpenzi,

Ni zaidi ya mwezi sijapata barua. Nimeuliza kila kondakta. Nilifikiri uko Machakos, nikaandika barua kwa mama yako nikaichana.

Jana njia ilifunguka kidogo na Mbithe, yule anayeleta nyanya sokoni, akaja. Nikamuuliza kama anaijua nyumba yenye nyasi juu. Akasema, "Nani hajui? Kuna wanawake wawili hukaa huko juu wakinywa chai na kucheka mpaka watu wa barabarani wanasimama."

Wawili? Mnacheka nini? Anakuambia nini juu yangu? Kama ni habari ya zizi lililoanguka, nilikuwa na miaka kumi na minne.

Siwezi kula vizuri. Nimekaa hapa kati ya magunia, na wewe na yeye mko juu ya nyumba yangu mnaoneshana mambo ambayo mimi sitayajua. Niandikie. Hata ukurasa mmoja. Umenisamehe?

Koinet


Kitengela,
8 Desemba 1997

Mpenzi wangu Koinet,

Upande wa magharibi ni kijani cha maharagwe machanga. Kidole kinakuta unyevu mpaka kifundo cha pili. Kuzunguka bomba kuna oldupai ishirini na mbili, mara mbili ya zile za kwanza, na kila moja imefunikwa udongo na mkono wangu. Nailoni ilikuwa imepasuka mahali pawili, nikaiziba kwa lami na kipande cha gunia. Naipanoi alitaka tutumie mavi ya ng'ombe, tukabishana, tukaweka vyote viwili. Haivuji. Nyasi za kona ya mashariki nimeziondoa, nimepanda kunde na kitunguu. Sikukuuliza. Dari la chumba chetu lina doa lenye umbo la sikio, juu ya mto wako hasa. Nimeliacha hapo libaki.

Naona nimejaza ukurasa kwa habari za paa na sijakuuliza kama umekula. Sasa unajua ilivyo.

Tulikuwa tunacheka habari ya zizi, ndiyo. Na nyingine ambazo sitakuambia.

Barua yako ya tarehe tatu ilinifikia wiki mbili baadaye, imelowa, lakini neno "nilikudanganya" lilisomeka vizuri. Nilikuwa nimeshaufungua mkoba. Nataka ujue hilo: sikubaki kwa sababu ya barua yako. Nilibaki kwa sababu maji yalipotoka kwenye lile bomba niliisikia nyumba ikipumua chini ya magoti yangu, na sikuwa tayari kumwachia mtu.

Wivu ninao bado. Alhamisi Naipanoi akiondoka nahesabu oldupai, nione kama ameongeza moja bila kuniambia. Na wewe nitakuuliza mambo, moja moja, na utajibu kwa maneno marefu. Maneno mafupi yako sitaki tena.

Anasema kwenu mwanamume huingia tu kwenye nyumba ambayo mwanamke amejenga. Nimelipenda jambo hilo. Kufuli ya mlango nimebadilisha, kwa hivyo ufunguo wako usijisumbue nao. Ukifika tarehe ishirini, ingia langoni, weka mizigo chini, ubishe hodi. Nitakuwa nyuma ya mlango tangu asubuhi, lakini nitauliza ni nani. Sema jina lako lote, polepole. Nimelikosa sana, na nataka kulisikia kabla sijafungua.

Mwenye nyumba, anayekupenda,
Nzilani